Nyumba Zisizo na Moshi

Wewe uliyefungua daftari hili, sikujui. Labda umelikuta chini ya godoro langu, labda ndani ya koti. Nakusihi kwa titi ulilonyonya: usimwambie mtu neno hata moja lililomo humu. Si Jumbe, si tarishi, wala mkeo usimwambie. Lifunge, lirudishe pale pale ulipolitoa, kamba ikiwa na mafundo mawili kama ulivyoikuta. Humu mna kazi yangu na jina la baba yangu.

Jumatatu, 9 Januari

Nimepiga mistari kurasa kumi kabla ya uji. Safu ya jina. Safu ya idadi ya watu. Safu ya akiba. Safu ya maelezo. Mvua haijakatika tangu jana na karatasi imelegea, wino unasambaa. Kurasa mbili nimezirudia.

Mvua hii imechelewa kuwasaidia watu. Mahindi ya mwaka jana yalikauka yangali na ndevu, na haya mapya hayafiki goti. Serikali italeta magunia kutoka Tunduma. Kazi yangu ni orodha ya wanaostahili, Ndalambo na vitongoji vyake.

Masharti ni mawili. Mtu awe anakaa hapa. Na awe hana akiba ya kumfikisha mavuno. Basi. Mwenye nguvu atalima barabara siku mbili kwa juma. Mzee, mjane na anayenyonyesha watapewa bure. Nimeyanakili kwa herufi kubwa na kuyabandika kwenye mlango wa baraza. Wanaojua kusoma hapa hawazidi vidole vya mikono miwili, lakini nimeyabandika.

Mimi ni mgeni. Nimetoka Isongole, milimani, na Kinamwanga nakisikia nusu. Watu wakinyamaza nikipita, sijui kama ni heshima.

Jumanne, 10 Januari

Barazani tangu asubuhi. Watu wameleta vitu ambavyo sikuviomba.

Mwanamume mmoja ameleta cheti cha ubatizo kilichokunjwa mpaka kikapasuka. Ameambiwa asiyebatizwa hapati. Mwanamke ameuliza kama ni kweli mwenye ng'ombe atafutwa. Wake ni mmoja, amekonda, hana maziwa. Mwingine ana mwana kwenye migodi ya shaba huko Rodesia ya Kaskazini, akaapa mbele yangu kwamba hana mwana kabisa. Mama yake mwenyewe! Nikamwambia mwana hana neno. Hakuamini. Vijana watatu wamekataa kutia dole gumba kwenye wino. Wanasema dole likishaingia kwenye karatasi ya Serikali, mwenye dole ataitwa jeshini vita vikirudi.

Hakuna hata moja la kweli. Hakuna hata moja lililoandikwa popote.

Nani anawaambia? Uvumi una mdomo ulioutoa. Jumbe Simfukwe anafaidika: watu wakichanganyikiwa wanakwenda kwake kuulizia, na hawaendi mikono mitupu. Nimeona kuku wawili wapya uani kwake. Au ni tarishi Sichone. Huyu huzunguka nyumba zote na barua, anajua jina la kila mbwa. Alikuwa askari Burma. Hucheka bila sababu.

Nitawaangalia wote wawili.

Jumatano, 11 Januari

Ndalambo ya chini. Nimefanya kama nilivyofundishwa na karani mkuu kule bomani wakati wa kuhesabu kodi: kabla ya kushuka kitongojini, simama juu, hesabu moshi, andika. Ndipo ushuke. Jumbe akikuonyesha nyumba nane na ulikwisha kuona moshi kumi na mbili, unamjua. "Moshi hauna ndugu," alikuwa akisema.

Moshi kumi na mbili. Nyumba kumi na mbili. Vizuri.

Nyumba ya kwanza walikuwa wanapika pombe ya ulezi, ya kumaliza matanga. Kihenge kimejaa zaidi ya nusu. Nikaandika: *ana akiba*. Mwenyewe akanifuata mpaka njiani, akinitukana kwa lugha yake. Sichone akakataa kunitafsiria. Alisema tu, "Amekusifu, Bwana Karani. Anasema una macho marefu." Kisha akacheka.

Sikupenda.

Ijumaa, 13 Januari

Kitongoji cha pili. Kuna jambo hapa.

Kutoka juu nimehesabu moshi saba. Nimeshuka, nimekuta nyumba kumi na tano. Zote zina watu. Walikuwa wamekaa nje barazani mwa nyumba zao, wamejifunika mablanketi, manyunyu yanawapiga miguuni. Hakuna aliyekuwa anapika. Watoto wana midomo ya majivu. Saa nne ya asubuhi, baridi, na mafiga yamelowa!

Nimegusa figa moja kwa mkono. Lilikuwa na joto.

Wanaficha nini? Kwa nini mtu azime moto nikija? Nimeuliza, wakatazamana. Mzee mmoja akasema kuni zimelowa. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na rundo la kuni kavu chini ya paa.

Nimeandika yote. Sikumwambia Sichone nilichokigusa.

Jumatatu, 16 Januari

Nsengule. Kitongoji cha mwisho, ng'ambo ya kijito. Sichone amekwenda Tunduma na barua, nimekwenda peke yangu.

Kutoka kilimani: moshi hakuna. Hata mmoja. Nyumba nne, mapaa yametulia, hakuna mtu uani. Nimekaa kitambo kirefu kama cha kuchemsha maharage. Nimeita. Maji yanapiga kelele kuliko mimi.

Kijito kimejaa. Gogo la kuvukia limefunikwa. Panaonekana tu mahali ambapo maji yanainuka mgongo. Nilitia fimbo, ikazama mpaka mkononi. Nilipokuwa darasa la tano mwenzangu alichukuliwa na mto Songwe tukiwa tumeshikana mikono. Nilimwachia mimi. Sijamwandikia mtu jambo hili.

Nimerudi.

Kwenye safu ya maelezo nimeandika: *Wamehama. Wamevuka mpaka kwa ndugu zao.* Ni jambo linalowezekana kabisa. Nusu ya watu wa huku wana ndugu upande wa pili. Na nyumba isiyo na moshi ni nyumba isiyo na mtu. Ndivyo nilivyofundishwa.

Nimeandika kwa mwandiko mzuri.

Jumanne, 17 Januari

Sichone amerudi. Alikuta viatu vyangu mlangoni, akavigeuza, akavitazama nyayo. Akasema mbele ya Jumbe na watu waliokuwa wakingoja: "Viatu vya karani wetu vina bahati. Vimefika Nsengule na kurudi, havijaonja maji."

Watu wakacheka. Jumbe akacheka zaidi.

Nikasema nilivivua nikavibeba.

"Ndiyo," akasema. "Karani lazima awe na akili."

Anajua. Au hajui, ananitega.

Alhamisi, 19 Januari

Orodha imekwisha. Nakala safi tatu. Hakuna kufuta, hakuna doa. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, atasema ni kazi nzuri. Imefungwa kwa lakiri, imekwenda.

Nimerudi chumbani nimekuta kamba ya daftari hili ina fundo moja. Mimi hufunga mawili. Siku zote mawili.

Au leo nilifunga moja? Nilikuwa na haraka. Sikumbuki. Jambo baya kuliko yote ni kutokumbuka.

Jumapili, 22 Januari

Kanisani. Mhubiri amesema juu ya shahidi wa uongo. Aliniangalia mara mbili. Nimehesabu.

Jumanne, 24 Januari

Nitaandika kwa utaratibu.

Lori limefika saa tatu likiwa limekwama mara mbili njiani. Bwana Shauri amekuja nalo, atakaa kwenye nyumba ya wageni ya Serikali mpaka Jumamosi. Magunia yamepangwa barazani. Mahindi ni ya njano. Wazee wakayamimina kiganjani, wakanusa. Mmoja akasema haya ni ya farasi. Lakini wakapanga mstari.

Nilisoma majina. Sichone alipima kwa pishi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka saa saba.

Ndipo wakaja watu wa Nsengule. Kumi na mmoja. Wote, mpaka mtoto wa mgongoni, mpaka mzee kipofu anayeitwa Simbeye, ameshika ncha ya fimbo na mkewe ameshika ncha ya pili. Mkewe ni Bibi Nanyinza. Wamelowa mpaka kifuani. Wameambiwa kwamba asiyeonekana kwa macho haandikwi, ndiyo maana wamemvusha hata kipofu kwenye maji yale. Nani aliwaambia? Nani!

Walikuwa wa kijivu. Rangi ya mtu ambaye hajaota moto siku nyingi.

Bibi Nanyinza alisimama mbele ya meza yangu. "Tuite, mjukuu wangu."

Nikafungua ukurasa ninaoujua. Nikasema, "Hamumo."

"Tazama tena. Wino wako ni mwembamba."

Jumbe akachukua karatasi, akamwonyesha Bwana Shauri, ambaye alisoma kwa sauti: wamehama, wamevuka mpaka. Akawatazama. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyeona. Kabla sijajibu Jumbe akasema, "Karani ndiye aliyefika kwa miguu yake, Bwana. Hawa wana mashamba pande mbili. Wanakula huku, wanakula kule. Leo wamesikia harufu ya gunia."

Bibi akasema, "Tumeketi Nsengule tangu kabla ya Jumbe huyu kuota meno, na sasa anayapoteza."

Watu wakacheka. Bwana Shauri hakuelewa. Akaniuliza tena: uliona?

Nikasema: "Hakukuwa na moshi, Bwana."

Ni kweli. Nimelisema jambo la kweli. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu, akasema waondoke, yatakayobaki yatarudi Tunduma Jumamosi kwa lori hilo hilo.

Nilipotaja moshi, Bibi Nanyinza alifungua mdomo. Alinitazama kwa namna ambayo sikuifahamu. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mtu aliyefanya alichoagizwa, kisha akapigwa kwa kukifanya.

Wameondoka na mvua. Kipofu aliuliza njia nzima, niliisikia sauti yake mpaka kwenye migomba: "Wametuandika? Wametuandika?"

Jumatano, 25 Januari

Sikuvumilia. Nimemfuata Sichone nyuma ya ghala, alikuwa anashona magunia yaliyopasuka. Nimemwambia najua ni yeye anayeeneza uongo. Vyeti, madole, ng'ombe, na hili la kuzima moto. Nimemwambia nitamwandikia barua Bwana Shauri.

Hakucheka. Mara ya kwanza.

Akasema vyeti na madole vilikuwepo kabla sijazaliwa. Kila Serikali ikija na karatasi mpya watu huiogopa kwa hofu za karatasi ya zamani. "Lakini moshi," akasema, "moshi ni wako."

Nikamwambia aseme vizuri.

Akasema vizuri. Akaweka sindano chini. Siku ile ya kwanza, Ndalambo ya chini, watu waliniona juu ya kilima. Nilisimama, nikanyoosha penseli kwenye kila moshi, nikaandika. Kisha nikashuka, na nyumba ya kwanza niliyoiandika kuwa ina akiba ilikuwa yenye moshi mkubwa kuliko zote. Kufika jioni habari ilikuwa imevuka mabonde matatu: karani anahesabu moshi, mwenye moshi ana cha kupika, mwenye cha kupika hana njaa. "Na hawa watu wana kumbukumbu, karani. Baba zao walizima moto ili wasihesabiwe kodi. Walijua kuzima kabla hujafika."

Nikasema mbona hakuniambia.

"Ungeniamini? Ulikuwa unafunga daftari lako kwa kamba nikipita."

Nikamuuliza kama alilifungua. Akasema hajui kusoma. Amebeba barua miaka minne na hajui kusoma. Nilikaa juu ya gunia.

Kisha akasema, si kwa kunidhihaki: "Vile viatu vilikuwa vikavu, siyo?"

Akaokota sindano.

Basi wale watu walizima moto wao ili niwaandike. Mimi nikawafuta kwa sababu walizima. Tangu ile Jumatano wanakaa baridini. Wiki mbili sasa. Kwa ajili ya penseli yangu.

Nilikuwa natafuta mdomo uliotoa uvumi.

Alhamisi, 26 Januari

Nimejaribu njia ya katikati. Naiandika ili nione jinsi nilivyo.

Asubuhi nimekwenda kwa Bwana Shauri, nimemwambia kwamba watu wa Nsengule walikuwa wamehama kweli, lakini sasa wamerudi kutoka ng'ambo, na tunaweza kuwaongeza. Nilifikiri ni uongo mdogo, wenye faida kwa wote. Wao wapate mahindi, mimi nipate kubaki.

Akafungua kitabu chake cha amri. Aliyevuka mpaka akarudi, hahesabiwi mkazi mpaka ailete barua ya Bwana Shauri wa upande ule, kuonyesha hakupewa chakula huko. Akanisifu kwa kuwa mwangalifu. Akasema makarani wengi wangewaandika tu.

Barua kutoka upande ule, mvua hii, ni majuma mawili. Na haitakuwepo, kwa sababu hawakwenda.

Nimewafunga kwa fundo la pili.

Nikisema kweli: kufukuzwa kazi. Labda kesi, kwa kuandika uongo katika karatasi ya Serikali. Baba aliuza fahali wake ili nisome. Huwaambia watu wa Isongole, mwanangu anakaa meza moja na Wazungu. Sijawahi kukaa nao meza moja.

Nikinyamaza: lori linaondoka Jumamosi.

Ijumaa, 27 Januari

Nimevuka.

Nilimwambia Jumbe nakwenda kukagua barabara. Kijitoni nilikaa kwenye jiwe muda mrefu, mpaka nikaona haya mbele ya ndege. Kisha nikaingia na viatu vyangu. Maji yalifika kifuani. Nilishika mizizi. Nilipiga kelele, nadhani niliita jina la yule mwenzangu wa darasa la tano. Hakuna aliyesikia.

Nsengule. Nyumba nne, mapaa yametulia. Nilipofika uani ndipo nikawaona. Ndani ya kila mlango mtu ameketi gizani.

Mzee Simbeye amelala kwenye ngozi. Kifua chake kinalia kama mlango. Tangu waliporudi kutoka barazani na zile nguo hajakauka. Blanketi lina unyevu. Mafiga matatu katikati ya nyumba ni safi, yamefagiliwa. Bibi Nanyinza huwasha moto mdogo giza likishaingia, anachemsha mizizi na ulezi kidogo, anafunika sufuria na kuzima. Mchana hapana. "Tulisikia utakuja tena kutazama."

Nikamwambia, Bibi, washa moto. Moshi hauhusiani na chakula. Masharti ni mawili. Nikamwambia yote mawili.

Akasikiliza. Akasema, "Andika kwanza. Ukishatuandika, tutawasha."

"Bibi, mzee anakufa kwa baridi."

"Anakufa kwa njaa. Baridi tunaijua. Wewe ulisema mbele ya watu: hakukuwa na moshi. Nikafurahi. Nikasema, ameona, sasa atatuandika. Kumbe ukatufuta. Sasa unasema tuwashe. Kesho utasema niliona moshi, wana akiba. Karani, wewe una midomo mingapi?"

Kwa akili yake ni sahihi. Mimi katika nafasi yake nisingewasha.

Nikatoka, nikachukua kuni kavu chini ya paa la jirani bila kuomba. Nikapiga magoti. Nimekwisha kusahau kuwasha moto, shuleni tulipikiwa. Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka. Wanawake walisimama mlangoni. Mmoja akasema kwa Kiswahili, ili nisikie, "Ndiyo hivyo, ametuharibia kabisa." Mwingine akasema, "Mwacheni, angalau anajua kulia." Ni moshi ulioniliza. Kwa kiasi fulani ni moshi.

Ulipanda kupitia nyasi za paa. Ukasimama juu ya nyumba, mweupe, mnene, unaonekana kutoka kule kilimani nilikosimama.

Mzee Simbeye aligeuza uso kwenye joto. Akauliza, "Wametuandika?"

Nikasema ndiyo.

Sasa lazima iwe kweli.

Jumamosi, 28 Januari

Nimekwenda kabla lori halijapakiwa. Bwana Shauri alikuwa anakunywa chai amesimama. Jumbe alikuwepo. Sichone alikuwepo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikasahau yote.

Nikasema: "Watu wa Nsengule hawakuhama. Sikuvuka kijito. Niliogopa maji. Niliandika nikiwa kilimani."

Akaweka kikombe. "Na Alhamisi uliponiambia wamerudi?"

"Nilisema uongo, Bwana."

Jumbe akapiga makofi mara moja, kama mtu anayeua mbu. Bwana Shauri akamwambia anyamaze. Akaniuliza tena polepole: ulivuka au hukuvuka? Nikasema sikuvuka. Akaniambia niandike. Nikaandika kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Akaniambia nitoe funguo za baraza, kalamu tatu, muhuri. Nikatoa. Hakupiga kelele. Ningependa apige.

Kisha akamwita Sichone, akamwambia magunia matatu yashushwe. Na mimi nikaambiwa niyabebe pamoja na wengine, kwa kuwa sina kazi nyingine.

Tulikuwa sita. Sichone alifunga kamba kutoka mti hadi mti. Nilivuka mara nne.

Mzee Simbeye alifariki alfajiri. Tulikuta moto unawaka. Bibi Nanyinza alikuwa ameketi upande wake wa mafiga, na upande wa pili uko wazi. Nilimwambia nipo tayari kuandika majina mapya, kwenye karatasi aliyonipa Bwana Shauri, ya mwisho nitakayoandika.

Akataja wote. Akaanza na Simbeye.

Nikamwambia, Bibi, karatasi hii ni ya walio hai.

"Alikuuliza jana, ukamwambia umemwandika. Alikuamini yeye."

Kwenye karatasi ya Serikali nimeandika watu kumi. Hapa naandika kumi na mmoja. Simbeye, kipofu, mkazi wa Nsengule, hana akiba.

Jumanne, 31 Januari

Barua ya kuachishwa. Mistari minne. Haitaji kesi. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mtego, hakuna mtego. Sijamwandikia baba.

Jumbe ameniambia chumba kinahitajika. Amenipa mpaka jioni.

Sichone alipita. Ameniletea viatu vyangu. Alikuwa amevikausha kwa majivu. Vimekuwa vigumu kama magome. "Sasa vimesoma," akasema.

Jumapili, 12 Februari

Mvua ndogo. Mahindi yamefika kiunoni.

Naamka hapa Nsengule, nyumbani kwa Bibi Nanyinza, nachota maji, napalilia shamba lake upande ule aliokuwa akipalilia mzee. Siku mbili kwa juma nalima barabara na vijana wa Nsengule, na mimi napimiwa pishi langu. Karani mpya aliniuliza kama nina akiba. Nikasema sina. Kama ninakaa hapa. Nikasema ninakaa. Akaandika. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Watu wanakuja. Hawamwendei karani mpya, bado wanaogopa kalamu. Wananijia mimi kwa kuwa sina. Jana mwanamke kutoka Ndalambo ya chini: mumewe yuko migodini, je, atafutwa? Nikamwambia hapana. Akauliza je, kuku? Hapana. Je, kama hatujui kusali? Hapana. Bibi Nanyinza alikuwa anachambua mboga, akasema bila kuinua kichwa, "Na moshi, mwambie habari ya moshi." Nikamwambia.

Daftari hili limebakiwa na kurasa mbili. Silifungi tena kwa kamba; kamba tumefungia mbuzi.

Wewe uliyelifungua, mwanzoni nilikusihi usiseme. Sasa sema. Na kama kuna mtu kwenu anayekaa gizani akingoja kuandikwa, mlete kwangu. Toka Ndalambo, fuata njia ya mashariki mpaka kilima chenye jiwe lililopasuka. Hapo usisimame kuhesabu, shuka tu. Kijitoni kuna kamba kutoka mti hadi mti, ishike kwa mikono miwili. Ukitoka majini utaona nyumba nne. Mimi nakaa ya kwanza. Hutapotea, moto wake hauzimwi mchana.